Tuleteeni jiko, mkataba bakini nao

Nilipomwambia dada yangu kwamba Pasaka tulilala wiki nzima Gatlinburg, Tennessee, chini ya milima ya Great Smoky, alidhani nimetajirika. Mimi kazi yangu huko Marekani ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini.

Tulikodi wiki ya mtu. Kuna majengo ya likizo ambayo vyumba vyake huuzwa kwa wiki: unanunua wiki yako moja ya kila mwaka, na usipoweza kwenda unampangishia mwingine kwa bei nafuu. Chumba chetu kilikuwa kimechoka, zulia limeisha mlangoni, bomba la bafu linalia usiku. Lakini kilikuwa na friji, jiko na sufuria mbili zenye mikwaruzo, na hilo jiko ndilo lililotubeba. Asubuhi mke wangu alifunga chapati na mayai, jioni tukasonga ugali. Mabaki tuliyatupa kwenye pipa la chuma lenye komeo, maana dubu hushuka usiku kutafuta chakula.

Hifadhi ya milima hiyo yenyewe haina kiingilio. Tangu Machi 2023 unalipia kuegesha gari tu, dola 5 kwa siku, na njia za miguu ni zaidi ya kilomita 1,200. Tulipanda ile ya Alum Cave, karibu kilomita 4 kwenda, hadi chini ya jabali lililotokeza kama paa. Chini yake ni vumbi kavu, na maji yanadondoka ukingoni tone moja moja. Mwanangu wa miaka saba aliyakinga kwa kiganja, akakataa kuondoka.

Kununua wiki ni jambo jingine kabisa. Tuliitwa kwenye kikao cha dakika tisini, tukashikiliwa saa tatu. Muuzaji akamuuliza mke wangu kama watoto wetu hawastahili milima. Swali hilo bado linaniudhi. Mama aliyetupangisha analipa ada ya matunzo kila mwaka, aende asiende, na kila mwaka inapanda. Amejaribu kuiuza wiki yake kwa dola 1, hajapata mtu. Hata chama chetu cha mtaani, ukichoka unaaga na kupewa akiba yako.

Sasa Nairobi. Dada anaishi Dagoretti Corner, ghorofa ya nne, na mawingu yakitawanyika anaiona milima ya Ngong' kutoka pale anapoanika nguo. Miaka kumi na mitano hajawahi kuikanyaga. Si kwamba watu wetu hawapendi kutembea: mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea msitu wa Karura, na leo Jumapili umejaa familia. Ila kulala karibu na mlima kwetu mara nyingi ni ama hema ama loji ya bei ya watalii. Katikati, pale palipo na mfanyakazi na watoto wake watatu, naona pengo. Mwenye kiwanja Ngong' au Naivasha akijenga vyumba vya kawaida vyenye jiko, atatufaa sana.

Jumamosi tulipanda matatu ya 111, mimi na dada. Juu, karibu na mitambo ya upepo, alikaa kwenye nyasi, akafungua chupa ya chai, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, tungelala hapa." Tuliposhuka tuliulizia chumba mjini Ngong'. Kitanda kipo, tukaambiwa, jiko hakuna. Tukarudi na matatu kabla ya giza.