Mabasi ya Utah na redio iliyozikwa

Wapo wanaosema Utah ilipigwa changa la macho. Novemba 2017, idara ya uchukuzi ya jimbo hilo, UDOT, kwa kushirikiana na shirika la mabasi la UTA, iliwasha mfumo unaoyawezesha mabasi ya barabara ya Redwood, katika bonde la Salt Lake, kuwasiliana na taa za makutano na kuomba kijani. Redio zilizofungwa zilikuwa za aina ya DSRC, yaani redio za masafa mafupi za magari kuzungumza na magari mengine na vifaa vya barabarani. Miaka mitatu tu baadaye, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaamua kwamba DSRC iondoke, na C-V2X, redio ya kazi ile ile iliyojengwa juu ya teknolojia ya simu za mkononi, ishike nafasi. Novemba 2024 ikakamilisha kanuni na kuwapa wenye redio za zamani miaka miwili wafunge virago. Na redio hizi mbili hazisikilizani hata kidogo.

Kwa hiyo wanaosema "tungoje kwanza" kabla ya kufunga redio kwenye mabasi wana hoja. Shirika la mabasi linaloishi kwa ruzuku halina fedha za kulipia mabishano ya wahandisi, na mara nyingi kupaka rangi njia ya mabasi na kuwafukuza wanaoegesha humo huleta nafuu kubwa kuliko kifaa chochote. Hilo silipingi.

Ninachokipinga ni namna FCC ilivyofikia hukumu yake. Mwaka 1999 FCC ilitenga megahezi 75 za masafa ya redio kwa ajili ya usafiri, kwenye gigahezi 5.9. Mwaka 2020, chini ya uenyekiti wa Ajit Pai, ilizichukua 45 kati ya hizo ikazipa Wi-Fi, kwa sababu moja kubwa: miaka 20 imepita na masafa hayajatumika ipasavyo. Asilimia 60 ikaondoka kwa kura isiyo na mpinzani, na waliokwenda mahakamani wakashindwa mwaka 2022. Lakini nani hakuyatumia? Watengenezaji wa magari binafsi, kwanza kabisa. Toyota ilitangaza mwaka 2018 kwamba ingeanza kufunga DSRC mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikasimamisha mpango. Serikali nayo ilipendekeza kanuni ya kulazimisha redio hizo kwenye magari mapya madogo, ikaiacha ikalala. Unaweza kuwaelewa: redio kwenye gari lako haina faida mpaka jirani naye awe nayo, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake.

Basi halimsubiri mtu. Linachohitaji ni taa, na taa ina mwenyewe, anayejulikana ofisi yake na simu yake. Wakikubaliana wawili, UDOT upande wa nguzo na UTA upande wa basi, huduma inaanza hata kama hakuna gari jingine lenye redio mji mzima. Kulipima basi kwa kushindwa kwa magari binafsi ni kumtoza faini asiyehusika. Sijui kwa nini watetezi wa usafiri wa umma hawakulipigia kelele zaidi jambo hili.

Tena redio yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Pale Redwood basi haliombi kijani kila linapofika. Linaomba likiwa limechelewa kuliko ratiba, basi lililo kwenye wakati linasubiri kama wengine. Kulifikia hilo ilibidi ratiba, mahali basi lilipo na kompyuta ya taa vifungamane. Kisha kuna ramani: kila makutano huchorwa njia kwa njia, mstari wa kusimamia ulipo, na taa ipi inaongoza njia ipi. Ukikosea kwa upana wa njia moja, kisanduku kilichoko kwenye nguzo kinaamini basi linataka kukata kushoto, kinaharakisha kijani cha watu wengine. Na kituo kikiwa kabla ya taa, kijani kinaweza kuombwa na kuisha abiria wakiwa bado wanapanda. Kukihamishia mbele ya makutano ni kazi ya sururu na saruji. Ramani, masharti ya ucheleweshaji, makubaliano kati ya ofisi mbili: yote haya hayafi redio ikifa. Unabadilisha kifaa, unabaki na kazi.

Yupo atakayesema hata hicho kifaa si lazima, ombi lipitie mtandao wa simu hadi kituo cha kuongozea taa. Kwa kipaumbele cha basi, ni kweli, na kwa shirika dogo ningeanzia huko. Redio ya moja kwa moja inajitetea zaidi kwenye usalama, pale basi linapopaswa kujua ndani ya sehemu ya sekunde kwamba gari limekatiza mbele yake. Hapo bado magari mengine yanahitajika, na safari ni ndefu.

Wanaopanda mwendokasi wa Dar es Salaam wanajua tatizo jingine, la trafiki kusimama katikati ya makutano na kuongoza magari kwa mkono huku taa zikiendelea kuwaka. Basi laweza kuomba kijani na likapewa, lakini askari ndiye anayeamua. Pale mazungumzo ya kwanza ni kati ya mamlaka na polisi, na hayahitaji masafa.

Juni 2024 serikali ya Marekani iligawa karibu dola milioni 60 za kueneza mawasiliano ya magari, sasa kwa C-V2X. Waliopewa walikuwa watatu, wa Arizona, Texas na Utah. UDOT, ile ile inayosemwa kupoteza fedha kwenye DSRC, ilipata takriban milioni 20.