Miaka Hamsini Kwenye Redio Moja: Sauti ya Mambo Mbotela Ilikuwa Mali ya Nani?

Mwaka 2025 uliondoka na watangazaji wawili ambao wasikilizaji wa Kiswahili walizijua sauti zao kabla ya kuzijua sura zao. Leonard Mambo Mbotela alifariki Februari 7 jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 84. Mei 11 akafuata Charles Hilary, huko Zanzibar. Wote wawili waliliwa na kazi hii maisha yao yote, ila kwa njia tofauti kabisa. Mbotela alishikamana na redio ya taifa ya Kenya. Hilary alianzia Radio Tanzania Dar es Salaam, akapita Radio One, akaenda Deutsche Welle Ujerumani, akahamia BBC London, akarudi nyumbani Azam, na hatimaye akawa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Sasa kwa kuwa matanga yameanuliwa, tuulize swali ambalo rambirambi haziwezi kuliuliza: mtangazaji akidumu miongo mitano katika nyumba moja, anayefaidika ni msikilizaji au ni mwenye redio?

Tuanze na faida, maana ni kubwa. Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, Mombasa, aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, mwaka uleule serikali ilipoichukua redio hiyo mikononi mwake. Mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichodumu zaidi ya nusu karne. Rais Kenyatta alipita, Moi akapita, Kibaki akapita. Sauti ya Kenya yenyewe ikabadilika jina na kuwa KBC mwaka 1989. Kipindi kikabaki palepale. Mtu aliyekisikia akiwa mtoto wa shule alikuja kukisikia tena pamoja na wajukuu zake.

Kudumu huko kulijenga mambo mawili ambayo hayapatikani kwa mkataba wa mwaka mmoja. La kwanza ni lugha. Kwa Wakenya wengi wa bara, Kiswahili cha nyumbani hakikuwapo. Kulikuwa na Kikamba, Kijaluo, Kikuyu, Kiluhya. Kiswahili kilichonyooka walikipata kwa mwalimu darasani na kwa mtangazaji redioni, na mara nyingi yule wa redioni ndiye aliyekizungumza vizuri zaidi. Sauti moja ikirudia ufasaha uleule kwa miongo mitano inafanya kazi ambayo vitabu peke yake haviwezi. Ukitaka kujua tulichopoteza, fungua redio asubuhi yoyote usikilize taarifa inayosomwa na mtu anayeuita uwanja "huu" katika sentensi moja na "hii" katika inayofuata.

La pili ni imani, na hapa nataka kukaa kidogo.

Alfajiri ya Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi wa Jeshi la Anga waliotaka kumpindua Rais Moi walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya. Bunduki walikuwa nazo. Mitambo walikuwa nayo. Mtu wa kusoma karatasi mbele ya maikrofoni hakukosekana miongoni mwao. Hata hivyo walikwenda mpaka Ngara, nyumbani kwa Mbotela, wakamtoa, wakampeleka studio atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo askari watiifu kwa serikali, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, walikikomboa kituo, na sauti ileile ikawaambia wananchi kwamba Moi bado ni Rais. Mbotela mwenyewe alikisimulia kisa hiki mara nyingi katika uzee wake.

Wengi hukieleza kama kisa cha bahati na ushujaa. Mimi nakiona kama maelezo kamili ya kazi ya utangazaji katika nchi yenye redio moja. Waasi walijua kwamba habari haiwi habari mpaka itoke kwa mtu anayeaminika. Serikali nayo ilijua hivyohivyo. Pande zote mbili ziliihitaji sauti ya Mbotela, na mtu ambaye hakuwa na la kuamua kuhusu matumizi yake asubuhi ile ni Mbotela. Imani aliyoijenga kwa miaka 18 ya kazi, kwa kutangaza mpira na kuzungumza na watu kuhusu adabu zao, iligeuka kuwa kitu cha kunyang'anyana kati ya wenye silaha.

Ndiyo maana hoja ya upande wa pili haiwezi kupuuzwa. Wanaoikosoa kazi ya namna hii husema mtangazaji wa nyumba moja, hasa nyumba ya serikali, humaliza maisha yake akilipamba jengo ambalo hana ruhusa ya kulikagua. Tukumbuke redio ile ilikuwaje. Juni 1982 Kenya iliwekwa kisheria chini ya chama kimoja, hadi Desemba 1991. Taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais, alikokwenda na alichosema, hata kama siku hiyo kulikuwa na jambo zito zaidi. Katika mazingira hayo, kipindi kilichomuuliza mwananchi kama tabia yake kwa jirani au kwa mgeni ni ya kiungwana kilikuwa na nafasi yake. Lakini swali lilielekea chini. Watu walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi, na hakuna aliyeweza kuuliza hewani kama huo nao ni ungwana. Mbotela mwenyewe alikuja kufanya kazi katika kitengo cha habari cha Rais.

Simlaumu kwa hilo kama mtu. Mtangazaji wa mwaka 1975 aliyetaka kuondoka Sauti ya Kenya na kubaki mtangazaji nchini mwake hakuwa na mlango mwingine. Redio binafsi ya kwanza ya FM jijini Nairobi, Capital FM, ilikuja mwaka 1996, naye wakati huo ameshapita miaka hamsini na tano. Uaminifu wa mtu asiye na pa kwenda ni vigumu kuupima.

Hilary, kwa upande wake, alipata milango. Redio binafsi zilipoanza Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990 alivuka, akapimwa na wahariri wa nchi nyingine, na wasikilizaji wakamfuata kila alikohamia. Kwa hiyo dai kwamba imani hujengwa kwa kukaa mahali pamoja tu si kweli; hujengwa kwa kukaa kazini. Ila na yeye safari yake iliishia serikalini. Njia mbili tofauti, mwisho unaokaribiana. Serikali zetu zinajua kuchagua sauti zilizokwisha kuaminiwa, na zinazichukua zikiwa zimeiva kwa jasho la wasikilizaji.

Leo tuna tatizo la kinyume. Vituo ni vingi, watangazaji wanahamishwa kwa ahadi ya mshahara, na wengi huajiriwa kwa wingi wa wafuasi wao mitandaoni. Uhuru umeongezeka, na huo siutaki urudi nyuma hata hatua moja. Lakini kijana anaingia studio bila mzee wa kumrekebisha matamshi, anaachishwa kazi kabla hajajua majina ya vijiji anavyovitangazia, na kipindi cha maana kinafutwa kwa kukosa wadhamini kwa miezi michache. Je, Huu ni Ungwana? kisingemaliza mwaka katika vituo vingi vya sasa.

Kwa hiyo mizani yangu inaelemea upande wa kudumu, kwa masharti. Redio ya umma iwape watangazaji wake mikataba mirefu, na mhariri asiyeteuliwa na mwanasiasa. Mkongwe apewe kijana wa kukaa naye zamu, si siku ya kuagana bali tangu miaka kumi kabla yake. Kanda zilizopo za vipindi vya zamani zifunguliwe kwa wanafunzi wa Kiswahili na uandishi wa habari, kwa kuwa zililipiwa na wananchi. Na mtangazaji anayekwenda kumsemea Rais au waziri, ambayo ni haki yake, awaage wasikilizaji hewani na kuwaambia waziwazi kwamba kuanzia kesho anasema kwa niaba ya nani.