Mita 60 hazitoshi kwa mabonde ya Mtwara na Lindi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Huku kusini, ukitaja ulinzi wa ardhi oevu, wengi wanakumbuka kipimo hicho kwanza, hata ambao sheria yenyewe hawajaishika mkononi. Kwa maoni yangu kipimo hicho peke yake hakitoshi, na ardhi ya bondeni inahitaji pia kugawanywa madaraja ya matumizi, ingawa wanaokitetea kipimo hicho wana hoja nzito.

Mita 60 zinapimwa kwa kamba na hazina mjomba. Ukianza kugawa madaraja, kwamba hapa palimwe, pale pasilimwe, na kule palimwe kiangazi tu, umekaribisha maombi, na anayesikilizwa kwanza huwa mwenye uwezo. Halmashauri nayo si mtazamaji tu: inategemea ushuru wa mazao, na mpunga wa bondeni ni mazao. Kuiachia ichore mipaka peke yake ni kuitaka ijipunguzie mapato kwa hiari.

Sasa ipeleke kamba hiyo kwenye mashamba ya mpunga ya Bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga na Kilambo. Masika mto unafurika na kutanda bondeni. Kiangazi unarudi kwenye mkondo wake na kuacha mchanga mpana. Mita 60 zianzie ukingo upi? Ukipima kiangazi, sehemu kubwa ya bonde linalotunza maji inabaki nje, na mtu anaweza kujenga. Ukipima masika, unamfukuza mkulima ambaye mpunga wake unategemea mafuriko hayohayo na kuisha na msimu. Sheria inataja shughuli za kudumu, na jaruba la mpunga si nyumba ya tofali.

Mikoko ni habari nyingine, na hapo nasimama upande wa ukali. Kisheria ni misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuikata bila kibali ni kosa. Lakini tazama mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Mengi yako nyuma ya mikoko, kwenye uwanda unaofikiwa na maji ya bamvua tu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida. Maji yakikupwa unaona mstari wa michu, aina ya mikoko, kisha tuta la udongo, kisha chumvi. Tuta likisogezwa mbele kidogo, michu iliyobaki ndani inakosa maji ya bahari na kukauka ikiwa imesimama. Hakuna aliyeshika shoka, kwa hiyo si rahisi kumpata wa kushtakiwa. Kinachopaswa kulindwa pale ni njia ya maji pamoja na mti, na matuta mapya yapigwe marufuku kwenye uwanda wote unaofikiwa na bamvua. Wenye chumvi watasema wanaajiri watu, na ni kweli. Mashamba yaliyopo yabaki.

Madaraja ya pa kulima na pa kuacha yana mahali pake tayari: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, unaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kupewa meno na sheria ndogo. Kijiji kinajua bonde lipi linakauka Agosti na lipi halikauki. Udhaifu wake ni kwamba mipango mingine huchorwa bila kumhesabu mfugaji. Baada ya mifugo kuondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007, mingi iliingia Lindi, na ng'ombe hao wanahitaji maji ya bondeni kiangazi. Mpango usiowapa hata njia moja ya kufika majini utavunjwa kiangazi cha kwanza, na mpunga ndio utakaokanyagwa.

Kwa hiyo kijiji kipange madaraja, lakini mpaka wa maji ya masika uwekwe mawe mbele ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na halmashauri isiweze kuuhamisha peke yake. Kazi hiyo inagharimu fedha, na wilaya zetu haziwezi kuimaliza kwa bajeti moja. Ningeanza na mabonde ya maji ya kunywa, kama Kitangari, ambako chanzo cha Mitema kinapeleka maji Newala na Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde usio na mto wala kijito wa kutegemea.