Mapema ya Kuku au Mapema ya Bundi?

Kijana wa miaka 16 haombi ruhusa ya kwenda pati. Anatangaza. Ameshaoga, ameshajipulizia manukato ya kufukuza mbu wa mtaa mzima, gari la wenzake liko njiani, ndipo anakumbuka kwamba nyumba hii ina wenyewe.

Mzazi anakaa vizuri kitini, anakohoa kidogo, anavaa heshima ya hakimu.

"Pati ya nani?"

"Ya rafiki."

"Wazazi wake watakuwepo?"

"Watakuwepo, watakuwepo." Likirudiwa mara mbili, jua hawatakuwepo.

"Mtakuwa wangapi?"

"Wachache tu, mama." Wachache! Mwaliko umetumwa kwenye kundi la watu 20. Kila mmoja akibeba wawili, ni 60, na choo ni kimoja.

"Utarudi saa ngapi?"

"Mapema."

Mapema ya kuku au mapema ya bundi? Tuseme ukweli, hapa mwili unamponza: saa ya usingizi ya kijana huchelewa kwa saa moja hadi mbili, na saa nne usiku kwake bado mchana. Ila usingizi anaohitaji ni uleule, wa muda wa saa 8 hadi 10. Hesabu hiyo italipwa kesho, na atakayenuniwa unamjua.

"Kutakuwa na pombe?"

Anatazama dari. Dari nalo limenyamaza.

Hapo uhakimu unakwisha. Jamani, kahawa haimtoi mtu pombe! Wala maji baridi, wala kumzungusha uwanjani kama gari lisilo na breki. Ini lina mwendo wake, takriban kipimo kimoja cha pombe kwa saa, na halijali kwamba baba mtu yuko getini. Ukimmwagia maji aliyelewa, unapata mlevi aliyelowa. Halafu kuna bingwa mmoja kila pati: "Mwacheni alale, ataamka." Kiwango cha pombe kwenye damu kinaweza kuendelea kupanda mtu akiwa amelala, na akitapika akiwa chali, matapishi yanaziba njia ya hewa. Alazwe ubavu, goti la juu likunjwe, mtu abaki naye. Akitikiswa haamki, akivuta pumzi chini ya mara 8 kwa dakika, midomo ikiingia rangi ya buluu, iitwe ambulensi. Kelele za mzazi zije baadaye. Lakini wenzake wanaogopa kelele kuliko mauti, basi wanamfunika shuka na kuongeza sauti ya muziki.

Muziki wenyewe! Kwa kipimo cha usalama kazini, sauti ya desibeli 85 masikio huivumilia kwa muda wa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 zimebaki dakika 15. Yeye atasimama mbele ya spika kwa muda wa saa nne, kisha akirudi umwite mara tano.

Na glasi iliyoachwa mezani imwagwe, hata kama ni ya maji, maana hujui nani ametia nini.

Basi umfungie ndani? Halafu ajifunze wapi kuingia chumba cha watu asiowajua, kuanzisha mazungumzo bila kutazama simu, kukataa sigara bila kugombana, kukataliwa dansi na bado akabaki hai? Chumbani hayafundishwi hayo. Ugumu ni hadhira. Mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani walichapisha utafiti wa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: vijana walijihatarisha zaidi wenzao wakiwatazama, watu wazima hawakubadilika sana. Mtoto yuleyule anayeogopa mende nyumbani!

Ndiyo maana ile mbinu ya herufi moja inafaa. Kijana akitaka kutoka patini anamtumia mzazi ujumbe wa X, mzazi anapiga simu akifoka, "Rudi sasa hivi!" Aibu yote anaibeba mzazi, kijana anatoka akisonya kwa heshima zake. Sharti la kwanza: ukienda kumchukua, garini usimhoji. Ulimi ukiwasha, ung'ate, maana ukimhoji leo, X hutaiona tena. Sharti la pili, simu iwe na chaji. Sasa imebaki asilimia 4, na chaja iko kwa yule rafiki usiyemjua.

Na sweta. Huenda na sweta lake, hurudi na la mwingine. Ukiuliza, "Ni letu sote." Letu na nani? Limefuliwa, limekunjwa, liko juu ya kiti, na mwenyewe hajulikani.