Tumbako ya Kijeshi

Mjomba wangu huuza tumbako ya pua kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Kipimo chake ni ganda tupu la risasi, urithi wa babu aliyekuwa mwindaji. Mama wa meza ya jirani naye hupimia ganda. Yasimamishe pamoja: kimo kimoja, unene mmoja. Lakini wateja wanaapa la mama linabeba zaidi. Mjomba akaitwa mwizi mbele ya watu, tena na mdeni wake.

Nikajipa uhakimu. Wawindaji wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi zao hawalitazami ganda kwa nje. Wanalipima tupu, wanalijaza maji hadi mdomoni, wanalipima tena. Uzito uliozidi ndio ujazo wake. Wanahesabu kwa greini, 7000 katika ratili moja. Ganda la .308, aina ya risasi ya bunduki ya kuwindia, huchukua kama greini 56 za maji, yaani gramu 3.6 hivi.

Nikaazima mizani ya sonara, ile inayotetemeka hata mtu akipita. Yakiwa matupu, la mjomba likawa zito zaidi. Akashangilia! Katika mji wa shaba, nani adharau uzito?

"Mjomba, uzito huo ni ukuta. Maganda ya kijeshi mara nyingi huwa mazito hivi, na ukuta mnene hula nafasi ya ndani."

"Babu yako hakuwa mwanajeshi!"

La mama nikalijaza kwanza. Maji yakafura mdomoni kama jicho la chura. Nikatia tone la sabuni, yakalala sawa. Gramu 3.6. Zamu ya mjomba. Chini ya ganda lake kulikuwa na tumbako iliyogandamana tangu enzi za babu. Nikasema tulioshe, tulianike. Nani angoje jua? Mjomba akaliweka mdomoni, akapuliza kwa nguvu zote.

Ganda limezibwa nyuma, pumzi ipite wapi? Vumbi lote likarudi usoni kwake, na kwangu niliyeinamia mizani. Akapiga chafya, nikapiga, mdeni akapiga, mama akapiga huku akicheka. Meza ikayumba, ganda la mama likapinduka, maji yenye sabuni yakamwagikia lundo la tumbako ya mjomba.

Tulipopata pumzi tukaliosha, tukalipima: 3.4. Mama akashika kiuno, akamngoja aseme. Mjomba akapangusa pua.

"Ile ya kijeshi, umesema ni ukuta mnene?"

"Ndiyo, mjomba."

Sasa anaita wateja kwa sauti: "Tumbako ya kijeshi! Ya kijeshi hapa!" Bei amepandisha.