Kuota moto Njombe: kuni au gesi?

Anayejenga Njombe inabidi aamue mapema, kabla fundi hajapandisha ukuta: sebule iwe na meko ya kuni yenye dohani, au anunue hita ya gesi? Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kuota moto huku si anasa.

Gesi haina majivu wala kupasua kuni. Ila piga hesabu. Hita ya kilowati 4 hula takriban gramu 300 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 hukata baada ya saa 50 hivi. Familia inayoota kwa saa 4 kila jioni itajaza mtungi zaidi ya mara mbili kwa mwezi, na gesi ya kupikia bado. Tena hita isiyo na bomba la kutoa hewa nje humwaga mvuke: kila kilo ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ndiyo maana kuta hutoka jasho na kuvu huota nyuma ya kabati.

Kuni zimetuzunguka. Miwati, iliyopandwa kwa ajili ya magome yake tangu enzi za mkoloni, huwaka polepole na kuacha makaa mazuri. Mabanzi ya paina ni bei rahisi, lakini huisha upesi, na yakiwa mabichi hujaza masizi kwenye dohani. Masizi hayo yakishika moto, paa liko hatarini. Gonga vipande viwili vya kuni: vikilia kwa mlio mkali vimekauka, vikitoa mlio mzito virudishe bandani.

Tatizo ni meko ya wazi, yale yanayopendeza kwenye ramani. Sehemu kubwa ya joto lake hupanda na moshi. Jiko la chuma lenye mlango ni ghali mwanzoni, lakini hula kuni chache zaidi kwa joto lile lile, na kwa mwenye nyumba ndilo ninalolichagua bila kusita. Mpangaji hawezi kutoboa paa la mtu. Kwake hita inafaa, mradi dirisha liachwe wazi kidogo na izimwe kabla ya kulala.

Ninachokipinga kabisa ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani na mlango kufungwa. Kwa kuwa halitoi moshi mwingi, watu hudhani ni salama, kumbe kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na familia hulala nalo wasiamke. Kama fedha haitoshi dohani wala mtungi, nunueni blanketi zito, jiko hilo libaki nje.