Fidia ya wavuvi wa Lamu: pesa mkononi au boti ufukweni?

Tangu Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada ya nje, katikati ya mwaka 2025, wataalamu wa maendeleo wameurudia mjadala wao wa zamani kwa ari mpya. Fungu la misaada limepungua. Hicho kidogo kilichobaki kimfikie vipi anayekihitaji? Apewe pesa taslimu aamue mwenyewe, au apewe kitu: unga, mbegu, ng'ombe, mafunzo, boti? Mifano ya kujibu swali hilo mara nyingi hutoka Kenya, kwa kuwa vijiji vyetu vimetafitiwa sana. Lakini upo mfano wa Lamu ambao ungewafaa wanaojadiliana, nao haukutokana na utafiti wa mtu yeyote. Ulitokana na kesi.

Bandari mpya ya Lamu ni sehemu ya LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na mabomba wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Ilijengwa Kililana, ndani ya Ghuba ya Manda, na ili meli kubwa ziingie ilibidi sakafu ya bahari ichimbwe. Wakazi walikwenda kortini. Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa: hawakushirikishwa inavyotakiwa, na mradi uligusa mazingira yao, utamaduni wao na riziki yao. Ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Baadaye pande zote zikaafikiana kwamba asilimia 65 ya fidia itolewe kwa vyombo na vifaa, na asilimia 35 iwe pesa taslimu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, wavuvi wakiwa bado wanangoja.

Tukigawanya sawa kwa sawa, kila mvuvi anafikiwa na kama shilingi 382,000. Katika hizo, karibu 134,000 ni za mkononi na karibu 249,000 ni za vitu. Ni mgawanyo huo ninaotaka kuupima hapa, maana nyuma yake kuna imani mbili kuhusu maskini, na zote mbili zina watetezi wenye hoja.

Watetezi wa pesa wana ushahidi mzito, na sehemu yake kubwa imetoka Siaya, magharibi mwa Kenya. Kati ya 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa zaidi ya kaya 10,500 huko. Watafiti, miongoni mwao Edward Miguel na Johannes Haushofer, walifuatilia pesa zile zilikokwenda. Waligundua kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za karibu dola mbili na nusu katika eneo lile, kwa sababu aliyepokea alinunua kwa jirani, na jirani naye akanunua kwa mwingine. Bei zilipanda kwa kiasi kidogo mno, kama asilimia 0.1. Ile hofu kwamba maskini akipewa pesa atazimaliza kwenye pombe nayo imechunguzwa katika nchi nyingi, na haikuthibitika. Anayeendelea kuirudia leo anarudia dhana yake tu.

Kwa mvuvi wa Lamu, hoja ya pesa ina nguvu ya ziada ambayo sijaiona ikiandikwa vya kutosha. Hapa wavuvi wengi wana tajiri. Tajiri ndiye mnunuzi wa samaki, na ndiye pia anayetoa pesa za mafuta, barafu na nyavu kabla chombo hakijang'oa nanga. Ukishachukua pesa zake, samaki wako ni wake, na bei anaitaja yeye. Chombo kikirudi, kwanza huondolewa gharama za safari. Kinachobaki hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, na ya mabaharia. Aliyekuwa baharia, asiye na chombo wala nyavu, hubaki na fungu lake moja, na mara nyingi hilo nalo lina deni la kaskazi iliyopita. Mtu huyu ukimpa shilingi 134,000 anaweza kujikomboa na kumuuzia samaki amtakaye. Ukimpa hisa katika boti mpya ya faiba yenye mashine, deni lake liko palepale, na mashine inataka petroli. Petroli ataipata wapi? Kwa tajiri yuleyule. Kitu kilichokusudiwa kumwinua kimemfunga upya, tena kwa kamba ndefu zaidi, maana mashine inakula mafuta kuliko tanga.

Hata hivyo siwezi kuwaacha watetezi wa vifaa kama watu wasiojua wasemalo, maana wanajua.

Tazama kilichopotea. Kusi likivuma, bahari ya nje huchafuka, na mvuvi wa mtumbwi au dau hana pa kwenda ila maji ya ndani yaliyokingwa na visiwa vya Manda na Pate. Hapo ndipo alipotega malema na kutupa mshipi, akapata cha kupeleka nyumbani katika miezi ambayo nje hakuendeki. Maji yale yakichafuliwa na uchimbaji na kufungwa kwa njia za meli, kilichobaki ni bahari ya nje, na bahari ya nje haiendewi kwa mtumbwi. Inataka chombo kikubwa, mashine, vyombo vya kujua mahali ulipo, jaketi za kuokolea, na mtu aliyefundishwa. Shilingi 134,000 hazinunui hata nusu ya hivyo. Wavuvi mia moja wakipewa kila mmoja zake, hakuna kinachohakikisha wataziunganisha wanunue boti kumi. Kila mmoja ana karo ya mtoto, ana paa linalovuja, ana mgonjwa. Atazitumia vizuri, nami sitamlaumu, lakini mwaka ukiisha bahari ya nje itakuwa mbali naye vilevile.

Ndiyo maana wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba mtu maskini kabisa anahitaji mali ya kuzalisha pamoja na mtu wa kumfunza na kumfuatilia. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza njia hiyo mwaka 2002, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukaipima katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Peru. Kwa ujumla maisha yaliboreka na yakabaki bora hata baada ya mradi kwisha. Ila katika nchi sita hizo ipo Honduras, na kwangu Honduras ndiyo yenye somo la Lamu. Kaya nyingi kule zilipewa kuku, na kuku wakafa kwa maradhi. Mali yote ya mtu ikaondoka kwa ugonjwa mmoja, kwa sababu wote walikuwa wamepewa kitu kimoja cha aina moja. Nikiwaza mashine za boti za muundo mmoja, zimeletwa kwa zabuni moja, na fundi wake na spea zake ziko Mombasa, nawaza kuku wale.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Ushahidi wa Siaya na ule wa BRAC wote ni wa msaada. Mtu hakupoteza kitu. Alikuwa maskini, akapewa. Shamba la mtu wa Siaya lilibaki lake siku pesa zilipokuja. Wavuvi wa Lamu walinyang'anywa kwanza. Mahakama haikuwapa hisani, iliamuru walipwe kilicho chao. Anayelipa deni hana haki ya kumwamulia anayemdai namna ya kulitumia. Ukiniharibia nyumba, hunijengei duka kwa sababu wataalamu wako wameona biashara ina faida kuliko nyumba. Kwa hiyo hoja ya kwamba vifaa ni bora kwa wavuvi, hata ingekuwa ya kweli kwa asilimia mia, isingetosha kuhalalisha kumfungia mtu theluthi mbili za haki yake katika kitu ambacho hakukichagua yeye mwenyewe.

Nitajibiwa kwamba wavuvi walichagua, kwa kuwa makubaliano yalitiwa saini na wawakilishi wao. Ni kweli, na silidharau hilo. Wale waliosimama na kesi kwa miaka mingi walibeba mzigo ambao wengi wetu tungeutua njiani. Lakini mtu aliyeshinda kesi mwaka 2018, na miaka inapita hajaona senti, hukubali mengi. Baharia na mwenye majahazi matatu hawana mahitaji sawa, na mwakilishi mmoja hawezi kusema kwa niaba ya wote wawili katika jambo la namna hii. Hapo ndipo ukosefu wa usawa unapojificha ndani ya wastani. Kwenye hesabu ya jumla kila mmoja ana 382,000. Ufukweni, mwenye chombo anapata boti anayojua kuiendesha, na baharia anapata nafasi ya kuwa baharia katika boti nyingine.

Na wapo ambao hata kwenye wastani hawamo. Fidia ilihesabu wavuvi. Samaki wa Manda hakuishia kwa mvuvi: kuna mama anayenunua samaki wadogo asubuhi, akawakaanga na kuwauza jioni, kuna fundi wa vyombo kule Matondoni, ambaye kazi yake ni kuunda na kutengeneza madau ambayo sasa hayana maji ya kwenda, kuna wachukuzi na wauza barafu. Mama huyo hana kadi ya uvuvi, hana leseni, hana chombo kilichosajiliwa. Alichokuwa nacho ni samaki wa bei ndogo karibu na mlango wake. Wavuvi wakisukumwa bahari ya nje kwa boti kubwa, samaki watakaokuja ni wakubwa, wataingia kwenye masanduku ya barafu moja kwa moja na kuelekea Malindi na Mombasa. Mpango wa vifaa ukifaulu kabisa, mama huyu anaumia zaidi. Sijaona mjadala wa pesa dhidi ya vifaa unaomfikia.

Mwaka 2016, wakubwa wa misaada duniani waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau robo ya fedha za dharura zitapita mikononi mwa mashirika ya wenyeji. Hawakufika. Nalitaja kwa kupita tu, kwa sababu linaonyesha kwamba ni rahisi kukubaliana juu ya kuwaamini watu kuliko kuwakabidhi.

Msimamo wangu ni huu. Kosa la 65 kwa 35 si tarakimu zenyewe. Kosa ni kutotenganisha kinachomfaa mtu mmoja na kinachowafaa wote. Chombo, mashine na nyavu ni vitu vya mtu au kikundi kidogo kilichochaguana; kwa hivyo mvuvi apewe pesa, na anayetaka boti aruhusiwe kuielekeza fidia yake huko pamoja na wenzake, kwa aina anayoitaka na fundi anayemjua. Lakini mtambo wa barafu, bandari ndogo ya kushushia samaki, huduma ya uokoaji baharini, alama za kuonyesha njia za meli ili mtu asipitiwe usiku, hakuna mvuvi anayeweza kuvinunua kwa 134,000 wala kwa 382,000. Hivyo vijengwe, tena kwa fedha za mradi wa bandari wenyewe, si kwa kukata fidia ya mtu. Mtambo wa barafu ukiwa mikononi mwa wavuvi, tajiri anapoteza nusu ya nguvu zake bila kugombana na mtu.

Watasema ni ghali. Mpango mzima wa bandari ni magati 32, na yaliyojengwa ni matatu. Ghuba itachimbwa tena. Kabla ya gati la nne, daftari lifunguliwe upya na limsajili mama anayekaanga samaki na fundi wa Matondoni kwa majina yao, kila mmoja aulizwe peke yake anataka pesa au kitu, na malipo yafike kabla mashine ya kwanza haijagusa maji.